Kinga ya mwili na mifupa kuliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hivi kinga ya mwili na mifupa vinahusiana wapi? Mbona naona ni vitu viwili tofauti kabisa

Wengi tunaona hivo sababu shuleni mfupa ulifundishwa kama nguzo tu ya kushikilia nyama, na kinga ikafundishwa kama seli nyeupe zinazopigana na vijidudu. Kumbe seli za kinga zinazaliwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, zinakaa jirani kabisa na seli zinazojenga na kubomoa mfupa, na zinatumia lugha moja ya kemikali kuongea. Hizo kemikali za kutumiana taarifa ndo zinaitwa saitokini. Kwahiyo kinga ikiwaka kwa muda mrefu, iwe ni ugonjwa wa viungo, wa fizi, wa utumbo au wa ngozi, ujumbe haubaki kule ulikoanzia, unafika mpaka kwenye mfupa na mfupa unautii.

Ni nani hasa anaula mfupa?

Ni seli inayoitwa osteoklasti. Watu wanashangaa wakisikia hii: osteoklasti ni ndugu wa damu wa makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza bakteria. Zote zinatoka kwenye ukoo mmoja wa monositi, aina ya seli nyeupe za damu. Monositi kadhaa zinaungana zinakuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, inajibandika juu ya mfupa, inaziba pembeni pasivuje, alafu inamwaga asidi pale chini madini yayeyuke, na baadae inatoa kimeng'enya kinaitwa kathepsini K kinachokata kolajeni iliyobaki. Baada ya hapo linabaki shimo dogo.

Hiyo kazi ni ya kawaida, kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa inabadilishwa kila mwaka na ndo inavyotakiwa iwe, mfupa wa zamani unatoka mpya unaingia. Shida iko kwenye muda. Kuchimba shimo kunachukua wiki 2 au 3 hivi, kulijaza tena kunachukua miezi 3 au 4, na anayejaza ni seli nyingine kabisa, osteoblasti. Sasa hapo piga hesabu mwenyewe, chochote kinachoongeza idadi ya mashimo kwa wakati mmoja lazima kikuache na deni, hata kama wajenzi wako wako fiti. Na saitokini nyingi za inflamesheni (huko kuwaka kwa kinga) zinafanya yote mawili, zinaongeza mashimo na papo hapo zinawakata nguvu wajenzi.

RANKL, RANK, OPG... hizi herufi zinanichanganya, ni nini?

Hizi ukizielewa umeelewa nusu ya somo zima, kwahiyo tulia hapa kidogo.

RANK ni kipokezi, kiko juu ya seli changa zitakazokuja kuwa osteoklasti. RANKL ni proteini inayokuja kukaa kwenye hicho kipokezi, na ikikaa tu, ndani ya seli mnyororo unaanza, protini za ndani TRAF6 na NF-kB zinaamka, mwishoni inawashwa swichi kubwa inaitwa NFATc1 na seli inageuka kuwa osteoklasti kamili. Bila RANKL haigeuki. (Kuna nyingine inaitwa M-CSF, yenyewe inawalea hao wachanga wasife na waongezeke, lakini peke yake haitoshi.)

OPG yenyewe haina habari na kipokezi. Inaelea tu nje, ikikutana na RANKL inainasa kabla haijafika kwa RANK. Kwahiyo kinachoamua mfupa utaliwa kiasi gani ni uwiano: RANKL nyingi OPG kidogo, mfupa unaondoka, OPG nyingi RANKL kidogo, mfupa unabaki.

Nani anatoa RANKL? Siku za kawaida ni hasa osteositi, zile seli zilizofukiwa ndani ya mfupa wenyewe, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa. Ila kukiwa na inflamesheni wanaongezeka watoaji wengine: seli T na seli B (aina mbili za seli nyeupe za kinga), na seli za utando wa ndani wa kiungo. Hapo ndo mlango ambao kinga inaingilia.

Haya mambo yalijulikana lini?

Mwaka 1972 Horton, Raisz na wenzao walionyesha kwamba seli nyeupe za damu ya binadamu zikichokozwa zinaachia kitu kwenye maji yake ambacho ukikimwagia mfupa kinaufanya uliwe. Wakakiita kichocheo cha kuamsha osteoklasti, maana hawakujua ni nini. Baadae katikati ya miaka ya 80 ikaonekana sehemu kubwa ya hicho kitu ni IL-1 (interleukini 1), saitokini ambayo watu wa kinga walishaijua kwa kazi nyingine kabisa.

Alafu 1997 na 1998 ndo kukawa na vurugu nzuri. Watu wa mifupa wanatafuta kinachozaa osteoklasti, watu wa kinga wanachunguza proteini ya seli T inayosaidia seli za dendriti ziishi zaidi, wakija kulinganisha wanakuta ni molekuli ileile moja, RANKL! Panya walioondolewa jeni lake 1999 walikuwa na mifupa mizito iliyoziba kwa kukosa osteoklasti, na papo hapo hawana matezi ya limfu. Mimi naona hilo jaribio peke yake lilitosha kumaliza ubishi, kitu kimoja ukikitoa unaharibu mifupa na kinga kwa pamoja. Mwaka 2000 fani ikapewa jina, osteoimunolojia.

Saitokini zipi ndo zinachochea mfupa kuliwa?

Kubwa ni nne, na hazifanyi kazi sawa.

TNF ndo mkorofi kuliko wote kwa maoni yangu, maana inagusa kila mahali. Inazifanya seli za jirani zitoe RANKL zaidi, inaongeza idadi ya osteoklasti changa zinazotoka kwenye uboho, ikikuta RANKL kidogo tu ishafika inasukumana nayo mpaka matokeo yanakuwa makubwa kuliko kila moja peke yake, na bado haijaridhika, inaongeza DKK1 na sklerostini, protini mbili zinazozuia osteoblasti kujenga.

IL-1 inafanya kazi bega kwa bega na TNF, kiasi kwamba sehemu ya madhara ya TNF inapitia kwake. Yenyewe inazifaa zaidi osteoklasti ambazo zishakomaa, zinaishi muda mrefu na kula zaidi.

IL-6 inapitia njia ya mzunguko kidogo, inaziambia osteoblasti zitoe RANKL. Ni hiyohiyo inayoliambia ini litengeneze CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na inflamesheni, ndo maana mtu mwenye CRP ya juu muda mrefu daktari anapaswa kuwaza na mifupa yake.

IL-17 inatoka kwenye kundi la seli T linaloitwa Th17. Hawa ndo seli T wabaya zaidi kwa mfupa, sio kwa sababu wanatoa RANKL yao sana, hapana, ni sababu IL-17 yao inazilazimisha seli za utando wa kiungo kutoa RANKL kwa wingi, na pia inaita TNF na IL-1 zije zijiunge.

Kwahiyo kila saitokini ni adui wa mfupa?

Hapana. IL-4 na IL-10 zinapunguza uzalishaji wa osteoklasti. Seli T za kutuliza, zile Treg, zina protini inaitwa CTLA-4 ambayo ikigusana na osteoklasti changa inazizuia zisikomae. Hata osteoklasti yenyewe ikianza kukomaa inatoa interferoni beta kidogo ya kujipunguza kasi.

Interferoni gama ndo ya kuchekesha. Kwenye sahani ya maabara inazuia osteoklasti vizuri sana, inaiharibu TRAF6 na mnyororo unakatikia hapo. Ila ndani ya mwili wa mnyama mzima mara nyingine inaleta kinyume, maana inawaamsha seli T nao wanatoa RANKL na TNF. Na kuna ugonjwa nadra wa watoto ambao osteoklasti hazifanyi kazi, mifupa inaziba mpaka uboho unakosa nafasi, na interferoni gama imekuwa ikitumika kama dawa pale ili KUONGEZA ubomoaji. Kwahiyo ukikutana na mtu anakwambia saitokini fulani ni nzuri na fulani ni mbaya basi, muulize wapi, lini, na kwa nani.

Nina baridi yabisi, ndani ya viungo kunatokea nini?

Utando wa ndani wa kiungo unavimba na kunenepa, unajaa seli T, makrofaji na seli za utando zenyewe zikiwa zimechangamka, alafu unatambaa mpaka pale kwenye ukingo ambapo gegedu inakutana na mfupa. Hapo osteoklasti zinazaliwa palepale, na ndo vile vishimo daktari anavyokuonyesha kwenye eksirei ya vidole.

Panya wasio na RANKL wakisababishiwa ugonjwa wa viungo wanavimba vizuri tu lakini mfupa wao hauliwi. Yaani maumivu na uvimbe ni kitu kimoja, mfupa kuliwa ni hatua nyingine inayofuata, na unaweza ukaziba moja bila nyingine. Hata kwa binadamu imeonekana, dawa za kuzuia TNF zinaweza kupunguza kasi ya mfupa kuliwa hata kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayajapungua sana. Ndo maana usimshangae daktari akisisitiza eksirei wakati wewe unajisikia nafuu, au akakataa kubadilisha dawa wakati wewe bado unaumwa.

Kingine: watu wenye kingamwili za anti-CCP (zile zinazopimwa kwenye damu kutafuta baridi yabisi) wamekutwa na upungufu wa mfupa hata kabla kiungo hakijavimba. Kwahiyo kusubiri mpaka vidole vipinde ndo uanze dawa ni kuchelewa sana.

Daktari wa meno kaniambia mfupa wa taya umeliwa, ni bakteria wamekula?

Bakteria wameanzisha ugomvi, aliyekula ni wewe mwenyewe. Uchafu ukigandamana chini ya fizi, bakteria kama Porphyromonas gingivalis wanaichokoza kinga, kinga inamwaga TNF, IL-1, IL-17, RANKL inapanda, osteoklasti zako zinaula mfupa unaoshika jino. Watu wawili wanaweza wakawa na uchafu unaokaribiana lakini mmoja meno yanalegea na mwingine hapana, tofauti iko kwenye jinsi kinga inavyojibu. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa vinaharibu zaidi.

Kusafisha chini ya fizi kunasimamisha ubomoaji kwa kumuondoa mchokozi, ila mfupa ulioondoka kwa kawaida haurudi wenyewe, kwahiyo usingoje jino licheze.

Mama yangu mifupa imepungua baada ya kukoma hedhi, hiyo nayo ni kinga?

Kwa sehemu, ndio. Estrojeni ina kazi nyingi kwenye mfupa, inapandisha OPG, inashusha RANKL, inazifanya osteoklasti zife mapema, na inawatuliza seli T wasitoe TNF ovyo. Ikiondoka breki zote zinaachia kwa wakati mmoja. Kuna utafiti kwa wanawake ambao estrojeni iliondolewa alafu wakapewa dawa ya kuzuia TNF au IL-1, alama za ubomoaji kwenye damu hazikupanda kama kwa wengine, ila hazikurudi kawaida pia. Kwahiyo saitokini zimo lakini sio hadithi nzima, na hakuna anayemtibu mama mzima wa afya kwa dawa za kuzuia TNF kisa kakoma hedhi.

Steroidi zinatuliza kinga, si zingelinda mfupa? Mbona naambiwa zinauharibu?

Swali zuri sana na hata wanafunzi wa udaktari linawasumbua. Prednisoloni, steroidi ya vidonge, kweli inashusha saitokini, na kwenye baridi yabisi dozi ndogo inapunguza vile vishimo vya viungo. Lakini yenyewe moja kwa moja inaua osteoblasti na osteositi, inashusha OPG na kupandisha RANKL, na inapunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni. Unaokoa vidole huku uti wa mgongo unapungua. Upungufu mkubwa unakuja miezi 3 mpaka 6 ya kwanza, sio baada ya miaka kama watu wanavyodhani, kwahiyo ukiambiwa utakunywa zaidi ya miezi 3, siku hiyohiyo ulizia mpango wa mifupa.

Na tafadhali usiache ghafla mwenyewe kwa sababu umesoma hapa, tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zikiwa zimelala unaweza kuzimia au kufa. Steroidi ya kuvuta kwa pumu ina athari ndogo sana ukilinganisha na vidonge.

VVU je? Na saratani?

VVU: virusi vyenyewe vinachangamsha kinga muda wote na mfupa unaumia. Alafu kuna kitu hakitarajiwi, ukianza ARV mfupa unapungua zaidi, asilimia 2 mpaka 6 kwenye mwaka 1 au 2 wa kwanza, kwa sehemu sababu seli za kinga zinaporudi zinarudi na RANKL zao, kwa sehemu sababu ya dawa zenyewe hasa tenofovir disoproxil. Baadae inatulia. Hiyo sio sababu ya kuacha ARV hata kidogo.

Saratani: mailoma, saratani ya seli za kinga kwenye uboho, ndo mfano mkali. Seli zake zinapandisha RANKL, zinashusha OPG, na zinatoa DKK1 kuwanyamazisha wajenzi, kwahiyo tundu linachimbwa na hakuna anayekuja kulijaza. Ndo maana vidonda vyake vinaweza visionekane kabisa kwenye kile kipimo cha mifupa cha dawa ya mionzi, maana kipimo kile kinaonyesha panapojengwa.

Si ninywe tu kalsiamu nyingi na vitamini D?

Kunywa kama unapungukiwa, ni muhimu, na ukiwa kwenye dawa za mifupa ni lazima ziwe sawa. Ila kalsiamu ni malighafi tu. Kama tatizo ni amri ya kubomoa inayotoka kwenye kinga, kuongeza malighafi hakuondoi amri. Nimeona watu wanabadilisha aina za vidonge vya kalsiamu miaka nenda rudi huku baridi yabisi yao haijawahi kudhibitiwa, na inauma kuona.

Dawa gani zinagusa huu mnyororo moja kwa moja?

Za kuzuia TNF ziko infliximab, etanercept, adalimumab. IL-6 inazuiwa kwenye kipokezi chake na tocilizumab, IL-17 inazuiwa na secukinumab. Abatacept ni ile CTLA-4 niliyoitaja juu, imetengenezwa kama dawa. Hizi zote ni za kutibu ugonjwa wa kinga na mfupa unanufaika humo humo.

Upande wa mfupa kuna denosumab, kingamwili inayonasa RANKL, yaani inafanya kazi ya OPG. Ilipitishwa Marekani 2010, sindano ya mg 60 kila miezi 6. Kwenye utafiti wa FREEDOM wa wanawake 7,868 kwa miaka 3, mivunjiko mipya ya pingili za uti wa mgongo ilipungua kwa asilimia 68 na ya nyonga kwa asilimia 40. Kwenye baridi yabisi inapunguza mfupa kuliwa lakini uvimbe na maumivu viko palepale, sawasawa na wale panya.

Alendronate na zoledronic acid hazigusi saitokini, zinajikita kwenye mfupa zikimsubiri osteoklasti aje ale, akila zinamlemaza. Ni za zamani lakini usizidharau.

Ni kweli denosumab ukiiacha mifupa inavunjika?

Ni kweli na ndo jambo ninalotamani kila mtu aambiwe KABLA ya sindano ya kwanza. Dawa haikai kwenye mfupa, ikiisha RANKL inaachiwa huru na seli zilizokuwa zinasubiri zinaamka kwa pamoja. Mfupa ulioongezeka unaondoka haraka, na baadhi ya watu wanavunjika pingili kadhaa za mgongo ndani ya mwaka. Kwahiyo sindano haichelewi hovyo, na kama unaacha basi unaacha kwa mpango, kwa kawaida kwa kupewa dawa ya kundi la alendronate au zoledronic acid baada yake. Pia kabla ya kuanza wapime kalsiamu na vitamini D, hasa kama figo zako ni dhaifu maana kalsiamu inaweza kuporomoka vibaya, na meno mabovu yashughulikiwe kwanza.

Naweza kupima saitokini nijue kama mfupa unaliwa?

Kupima IL-6 au TNF kwa ajili ya mifupa hakukusaidii, zinapanda na kushuka kwa mambo mengi, hata mafua. Kinachotumika ni CRP na ESR kuona inflamesheni, CTX kuona kasi ya kubomoa (damu ya asubuhi, hujala), P1NP kuona kasi ya kujenga, na DEXA, eksirei ya kupima wingi wa mfupa, kuona mfupa uliobaki. DEXA ikitoa T-score ya -2.5 au chini hiyo ni osteoporosisi (mifupa iliyopungua na kudhoofika), ila haikwambii imesababishwa na nini.

Mbona ndugu yangu ana ugonjwa wa kinga na mgongo wake unaota mfupa badala ya kuliwa?

Huyo huenda ana spondilaitisi ankilosi, ugonjwa wa inflamesheni wa uti wa mgongo. Pale IL-23 na IL-17 zinafanya kazi kwenye sehemu ambazo kano zinajishika kwenye mfupa, na huko inflamesheni inafuatiwa na mfupa mpya kuota mpaka pingili zinaungana. Cha ajabu ni kwamba ndani ya zile pingili mfupa unapungua kama kawaida, kwahiyo mgongo unakuwa mgumu kwa nje na dhaifu kwa ndani, na unaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. DEXA ya mgongo inaweza kudanganya hapo, inahesabu na ule mfupa wa nje inasema uko sawa, kwahiyo waombe wapime na nyonga.